Ndege Imeshuka Nduruma

Mwaka 1960, mtu akiharibikiwa na saa mjini Arusha aliambiwa aende kwa Melkizedeki Sumari. Meza yake ilikuwa barazani, nje ya duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Jivanji, na mwenyewe alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kioo cheusi alichokibana kwenye jicho la kulia tangu kufungua hadi kufunga. Hakuwa mtu wa maneno. Mteja alieleza kwa kirefu jinsi saa ilivyoanguka, nani aliiangusha, na walikuwa wanagombania nini. Melkizedeki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tutaitazama," na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndani ya duka Jivanji aliuza saa, kamera, kalamu, na vitu vya kuchezea vya watoto wa Wazungu wa mashambani. Miongoni mwa vitu hivyo zilikuwamo ndege za plastiki. Hazikuja zikiwa ndege. Zilikuja vipandevipande ndani ya sanduku la karatasi ngumu, na aliyenunua alitakiwa aziunge mwenyewe kwa gundi na kuzipaka rangi. Siku moja sanduku moja lilifika limepondwa njiani, bawa limekatika. Jivanji aliona halina wa kulinunua.

"Chukua, fundi," alisema. "Wewe mikono unayo. Mimi nikishika naharibu zaidi."

Melkizedeki alilipeleka Sekei, alikopanga chumba na mkewe Ruth, akalisukuma chini ya kitanda. Likakaa huko siku nyingi, maana aliona haya kulifungua. Alikuwa na binti aliyekwisha kuolewa, na kanisani alikaa benchi la mbele. Lakini Jumapili moja ya mvua, Ruth alipokwenda kumwona mgonjwa, alilivuta akalifungua, na Ruth aliporudi alimkuta amekaa vilevile na viatu vya kanisani, vipande vyote vimepangwa juu ya shuka.

Kilichomnasa ni jinsi vipande vile vilivyokuja vimeshikana kwenye vijiti, kama vidole vya ndizi kwenye mkungu, kila kimoja na namba yake. Kipande cha mkia hakikuingia penginepo ila mkiani. Mtu fulani huko Ulaya alikuwa ameketi akafikiri kila kitu kabla. Ilikuwa kama saa, ila saa huja ikiwa imeharibika, na hii ilikuja haijaharibiwa na mtu, ukiacha lile bawa.

Basi akaanza, na hakuacha. Kila ndege aliifanya kwa utaratibu uleule. Kwanza aliosha vipande kwa maji ya sabuni, kwa kuwa vilitoka kiwandani na mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Kisha alivikata kwa wembe, kimoja kimoja, hakuvichomoa kwa vidole, maana kipande kilichochomolewa hubaki na kovu. Alivijaribisha vikiwa vikavu mpaka vikae sawasawa. Ndipo akafungua gundi. Gundi ile haikunata kama ulimbo. Iliyeyusha plastiki yenyewe, pande mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo aliyekosea hakuwa na pa kurudi. Penye mshono alijaza uji alioutengeneza kwa kuyeyusha vijipande vya plastiki ndani ya gundi ileile, akaacha ukauke, akasugua. Karatasi ya msasa ya dukani ilikwaruza, hivyo alitumia majani ya mti wa msasa wenyewe, yale ambayo maseremala wa Nkoaranga husugulia vipini. Alisugua mpaka mshono ukapotea na kidole kisiweze kusema pande mbili zimekutana wapi. Rangi alipaka mara tatu, nyembamba, na baina ya mara moja na nyingine hakuruhusu kuku kuingia chumbani.

"Wanaume wengine huleta wanawake," Ruth aliwaambia jirani zake kisimani. "Wa kwangu analeta ndege. Nimshtaki wapi?"

"Zinakula?" wakamwuliza.

"Hazili. Ila zinalala ndani, na kuku wangu wanalala nje."

Kufikia mwaka huo zilikuwa tano, zimening'inia kwa uzi kwenye boriti. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Vidole vina mafuta, alisema Melkizedeki, na mafuta ya vidole hula rangi. Vumbi alilipangusa mwenyewe kwa unyoya wa kuku.

Ya sita ndiyo iliyomsumbua. Ilikuwa ya injini mbili, pua butu, na mara tu alipoona picha ya sanduku aliijua. Ndege ya aina hiyo ilikuwa ikipita mara kwa mara juu ya Sekei, kuelekea tambarare, na watu walisema inakwenda kunyunyiza dawa ya wadudu. Picha ya sanduku ilionyesha rangi za vita, kijani na kahawia. Ile iliyopita angani iling'aa kama sufuria mpya. Melkizedeki hakutaka ya vita, alitaka ile ya kweli. Akaipaka rangi ya fedha mgongoni na mabawani, akaizungushia mstari wa njano puani kama alivyokuwa ameuona, akatia vipande vya risasi ndani ya pua ili isikalie mkia. Lakini tumbo aliliacha tupu. Ndege inapopita juu, jua huwa nyuma yake na tumbo huwa kivuli. Hakujua lina rangi gani, kama lina herufi, na kama zipo zimeandikwaje. Kubahatisha hakutaka. Ndege ikakaa mezani, imekamilika yote isipokuwa tumbo.

Wakati huohuo kulikuwa na shida nyingine, ambayo haikuwa ya plastiki. Dada yake mdogo, Tabitha, alikuwa ameolewa huko Nduruma na Mwarusha aliyeitwa Lesikar. Mvua zilipokuwa zinakwisha, Lesikar aliangukiwa na tawi alipokuwa akikata mti, akavunjika mguu, akalazwa hospitali ya Nkoaranga. Tabitha akabaki na mtoto mchanga mgongoni na shamba. Mahindi ya mwaka ule yalikauka yakiwa kiunoni. Kilichosimama ni mtama peke yake, na mtama huo ndio uliokuwa chakula cha nyumba ile mpaka masika yajayo. Melkizedeki alipokwenda kumtazama shemeji yake hospitalini, Lesikar hakuzungumzia mguu. Alizungumzia mtama, kama umetoa masuke, na kama masuke yamejaa.

Ijumaa moja, lori la mboga kutoka Nduruma lilisimama karibu na duka la Jivanji. Tanboi wake, kijana wa Kiarusha aliyeitwa Saning'o, akaruka chini akaja barazani.

"Fundi, salamu zako kutoka kwa Tabitha. Anasema ndege imeshuka shambani."

Melkizedeki akatoa kioo jichoni. "Imeshuka?"

"Imeshuka. Tangu jana asubuhi."

"Shambani kwao?"

"Katikati ya mtama. Anasema uje upesi."

"Bado ipo?"

"Ipo. Tabitha amepiga kelele mpaka sauti imekauka."

Hilo Melkizedeki hakuliona ajabu. Nani asingepiga kelele ndege ikimshukia katikati ya mtama? Alitaka kuuliza zaidi, lakini dereva akapiga honi na Saning'o akakimbilia lori lake.

Usiku ule Ruth alimwona akiviringisha ile ndege ya injini mbili kwa pamba na kuilaza sandukuni, pamoja na kikopo cha rangi na brashi mbili.

"Unaipeleka wapi?"

"Nduruma. Nyingine kama hii imeshuka kwa Tabitha. Nitaiona tumbo."

"Tabitha mzima?"

"Saning'o angesema."

Jumamosi duka lilipofungwa mchana alipanda lori la mtu mwingine, akakaa juu ya magunia na sanduku magotini. Kila gari liliporuka yeye aliinua sanduku hewani ili mishtuko imwishie mwenyewe. Mahali njia ya shamba ilipoanzia alishuka akatembea. Kwa mbali alisikia madebe yakigongwa na watu wakipiga mayowe. Akaongeza mwendo. Aliona ni kawaida watu kushangilia kitu kama kile, na alihofia wasije wakaanza kukigusagusa.

Alipotokea kwenye ukingo wa shamba hakuona ndege yoyote ya chuma. Aliona mtama, na juu ya mtama kitu kama moshi kilichokuwa kikiinuka, kikijikunja, kikishuka tena. Moshi ule ulikuwa na mabawa. Walikuwa kweleakwelea, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, wengi wasiohesabika, na kila waliposhuka mabua yalilala kwa uzito wao.

Tabitha alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mavuno, mtoto mgongoni, debe mkononi. Alipomwona kaka yake aliacha kugonga.

"Kaka. Umekuja peke yako?" Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Peke yangu. Iko wapi?"

"Nini iko wapi?"

"Ndege."

Tabitha akanyoosha mkono kuelekea shamba zima. "Hawa hapa. Au unataka nikuchagulie?"

"Saning'o alisema imeshuka."

"Si wameshuka?"

"Alisema 'imeshuka'. Nikadhani ile ya dawa."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwa Kiswahili cha darasani, ndege mwenye manyoya ameshuka, na ndege ya chuma imeshuka, na asiyetofautisha huchapwa. Melkizedeki alikuwa amefika darasa la nane na alikuwa hajalisahau hilo. Saning'o alikuwa amejifunza Kiswahili juu ya lori na sokoni, baada ya Kimaasai cha mama yake, na kwake yeye kila kitu kimeshuka kwa namna moja: ndege imeshuka, ng'ombe imepotea, mzee imefika.

"Na hilo sanduku?" Tabitha akauliza.

Melkizedeki alitaka kusema ni nguo. Lakini Tabitha alikuwa amekwisha kushuka kwenye dungu, na uongo hakuuzoea. Akafungua. Tabitha akatazama ndani, akaona bawa la fedha linang'aa kwenye pamba.

"Nimekuitia ndege," alisema taratibu, "umeniletea ndege."

Kutoka shamba la jirani kilisikika kicheko. Aliyecheka alikuwa Nanyori, mwanamke mzee wa Kiarusha, mjane, ambaye mtama wake ulipakana na wa Tabitha na aliyekuwa akilinda dungu lake mwenyewe.

"Shikamoo, yeyo," Melkizedeki alisema, kwa namna Waarusha wanavyomwita mama.

"Marahaba, fundi. Umewaletea jogoo wao?"

"Hapana, yeyo."

"Basi ni jike. Inataga?"

Tabitha hakucheka. Alikaa chini palepale, akamshusha mtoto amnyonyeshe, akamweleza kaka yake bila kumtazama. Mtama ulikuwa umebakiza kama wiki moja na ushei kabla ya kuwa mgumu na kuweza kukatwa. Ukikatwa sasa ni maji matupu, utaoza ghalani. Ndege wale wakikaa wiki, hakutabaki cha kukata. Upande wa mtoni walikuwa wamekwisha kuumaliza. Alimwita yeye kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na shamba lake la kulinda, na yeye ndiye mwanamume wake aliyebaki na miguu miwili.

"Nimefanya kosa," Melkizedeki alisema.

"Kosa halifukuzi ndege, kaka. Chukua kombeo."

Alichukua kombeo. Utotoni kule mlimani alilinda migomba na kahawa, ambavyo havihitaji kombeo, na jiwe lake la kwanza lilienda nyuma badala ya mbele, likatua karibu na mbuzi wa Nanyori.

"Fundi," Nanyori akaita, "mbuzi wangu hali mtama. Mwulize yeye mwenyewe."

Jioni ile alipokezana na Tabitha kugonga debe. Ndege waliinuka kidogo, wakashuka hatua chache mbele. Walikuwa wamelizoea debe kama watu wa mjini walivyozoea kengele. Jua lilipozama wakaenda zao kulala kwenye matete ya mtoni, na watu nao wakaenda kulala.

Alfajiri ya Jumapili ndege walirudi. Tabitha alifungua kinywa kupiga ukelele na hakikutoka kitu. Melkizedeki alikuwa juu ya dungu, debe mkononi, sanduku lake miguuni, kwa kuwa hakuthubutu kuliacha nyumbani penye mbuzi. Aligonga, akapiga yowe ambalo yeye mwenyewe lilimshangaza, na ndege wakaendelea kula. Ndipo mwewe akapita. Hakushuka wala hakukamata kitu, alipita tu kwa chini akielekea kwingine, na kivuli chake kikakatisha shamba. Ndege wote wakainuka kwa pamoja, kama shuka iliyokung'utwa, na kwa muda mrefu hawakurudi.

Melkizedeki alimfuata mwewe kwa macho. Kisha akatazama sanduku. Tabitha, aliyekuwa chini, alimwona akilitazama. Jioni za wiki nyingi zilikuwa ndani ya sanduku lile, na hata yeye, kwa hasira zote alizokuwa nazo, alikuwa ameona jana kuwa kitu kile kilikuwa kizuri.

"Una uzi wa katani?" Melkizedeki akauliza.

Akaitoa ndege kwenye pamba. Aliilaza juu ya vidole viwili, akavisogeza mpaka akapata mahali ilipotulia bila kuinama mbele wala nyuma, akapatia alama kwa ukucha. Akatoboa bawa hapo kwa sindano aliyoipasha kwenye kijinga cha moto cha Tabitha. Rangi ilijikunja kuzunguka tundu, na yeye akageuza uso kidogo, kama mtu anayedungwa sindano hospitalini. Akapitisha uzi, akaufunga kwenye ncha ya ufito mrefu, akasimama katikati ya dungu akaanza kuizungusha.

Mara ya kwanza ilikwenda kombo na kugonga mabua. Mara ya pili ile risasi ya puani ikaivuta mbele, uzi ukakaza, na ndege ikaruka. Ilizunguka juu ya mtama, mapanga ya injini zake yakageuka kwa upepo na kutoa mlio mwembamba kama wa nyigu, na kila ilipopita upande wa jua iliwaka. Kweleakwelea waliokuwa karibu na dungu waliinuka. Wakaenda mwisho wa shamba, wakashuka. Melkizedeki akaongeza uzi.

Haikuwa muujiza. Ilipozunguka polepole hawakuijali, ilipozunguka kasi waliikimbia, na mkono wa mtu hauwezi kwenda kasi mchana kutwa. Lakini ndege hao hula zaidi asubuhi na jioni, na mchana wa jua kali hutulia vivulini. Basi Melkizedeki alizungusha asubuhi mpaka bega likafa ganzi, akapumzika, akazungusha jioni. Tabitha alizunguka ukingoni na debe, mahali uzi usipofika. Kwa pamoja, ndege na debe vilifanya kazi ambayo kila kimoja peke yake kisingeiweza.

Jumatatu Saning'o alipita na lori akienda mjini. Melkizedeki alimpungia kutoka juu ya dungu.

"Mwambie Jivanji sitakuja kazini. Na mwambie Ruth. Sema ndege wameshuka."

"Imeshuka, ndiyo. Si nilikuambia?"

"Wameshuka, Saning'o. Wa-me-shu-ka."

"Nitasema zote mbili, fundi. Wachague wenyewe."

Ndege ya injini mbili ilianza kufa siku ya pili. Magurudumu yalitoka kwanza, yakapotelea mtamani. Kisha rangi ya fedha ikaanza kuondoka pale uzi ulipokwaruza na pale vidole vyake vyenye jasho vilipoishika, na mstari wa njano wa puani ukabanduka. Mkia ulipokatika hakuwa na gundi. Tabitha akakwangua utomvu wa mti, ule ulimbo wa kunasia ndege, akampa. Aliuunga mkia kwa ulimbo. Ulikaa upande, na mshono wake ungeonekana hata na kipofu, lakini ulishika.

Kweleakwelea nao walihitaji kula. Walipoona kwa Tabitha hapakaliki walihamia kwa Nanyori. Kicheko cha upande wa pili kikakoma. Kwa siku mbili yule mzee aligonga debe lake bila kusema kitu cha kuchekesha, na siku ya tatu alivuka mpaka akaja na kibuyu cha maziwa.

"Fundi, kunywa."

"Asante, yeyo."

Alimngoja anywe. Kisha akasema, huku anatazama pembeni, "Hiyo yako. Mkimaliza kukata, mtaifanyia nini?"

Melkizedeki aliishika. Bawa la kushoto lilikuwa limevunjika nusu asubuhi hiyo, na alikuwa amelifunga kwa kamba ya mgomba. "Imekwisha, yeyo. Haing'ai tena. Wanaanza kuizoea."

"Mimi nauliza, mtaifanyia nini?"

Alfajiri iliyofuata Tabitha alikata suke moja, akalipukuchua kiganjani, akauma punje. Ikalia katikati ya meno. Akampa kaka yake punje aume na yeye. Siku hiyo wakaanza kukata, na wanawake wawili wa jirani, ambao wao mashamba yao yalikuwa yameliwa, walikuja kusaidia kwa kupewa sehemu. Melkizedeki alikata pamoja nao, vibaya, akiacha bua refu ambalo Tabitha alirudi kulifupisha nyuma yake.

Ndege yake ya plastiki Melkizedeki alikuwa amempa Nanyori. Walipoinua migongo kupumzika waliisikia ikilia, na Melkizedeki akageuka. Ilikuwa ikimeta jua lilipoipata, zaidi hata ya siku ya kwanza.

"Ameipaka nini?" akauliza.

Tabitha akakinga macho kwa mkono. "Mafuta ya kondoo. Si ndiyo wanayopaka Waarusha kila kitu kipya? Watoto, vigoda. Nimemwona asubuhi akiisugua."

Melkizedeki alisimama na mundu wake. Mtu aliyejua kuwa rangi na mafuta havikai nyumba moja angeweza kusema jambo. Alitazama jinsi kweleakwelea walivyoinuka kwenye mtama wa Nanyori, wengi, kwa pamoja.

"Azungushe kwa kasi zaidi," alisema. "Mwambie asiogope, mkia utashika."

"Mwambie mwenyewe. Sauti yangu unaijua."

Akapaza sauti akamwambia, na Nanyori akajibu kutoka juu ya dungu kwamba yeye alianza kuzungusha vitu kabla fundi hajazaliwa. Mchana ule bawa lililofungwa kwa mgomba lilitoka likaruka mpaka mtoni. Mzee aliendelea na bawa moja, ndege ikawa inazunguka huku inajipindua, na kwa siku zilizobaki ikawa inawatisha kweleakwelea zaidi kuliko ilivyokuwa na mawili.

Mtama wa Tabitha ulipokwisha kuingia ghalani, Melkizedeki hakurudi Sekei moja kwa moja. Alipandisha Nkoaranga na unga kidogo wa mtama mpya ndani ya kitambaa. Mama yake, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na hospitali, alipika uji, na yeye akaupeleka ungali moto. Lesikar alikuwa amelala mguu umeinuliwa, ndevu zimemwota.

"Shemeji, nimesikia mambo," Lesikar alisema. "Kuna mgonjwa hapa wa kutoka kwetu. Anasema ulifukuza ndege kwa ndege. Nikawaambia wauguzi wamwongezee dawa."

"Kunywa uji."

Lesikar akanywa. Baada ya mkupuo wa kwanza alisimamisha kikombe, akalamba midomo, akautambua mtama.

"Huu ni wangu."

"Ni wako."

"Upande wa mtoni?"

"Waliumaliza kabla sijafika."

"Wote?"

"Wote. Na kipande kidogo karibu na njia."

"Na katikati?"

"Katikati umekatwa. Uko ghalani, umekauka vizuri. Tabitha anasema kwa kujibana utafika masika."

Lesikar akafikiri, kikombe kifuani, akipiga hesabu yake ya vinywa vya kulishwa na ya miezi. Melkizedeki alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa kulia umelala pajani, maana bega lilikuwa bado halikubali kuinuka.

"Basi tutajibana," Lesikar alisema, akainua kikombe akamalizia uji uliobaki.